Ajabu si Moja: Historia Fupi ya Kuzigawa Hadithi za Kifantasia, Ikitazamwa kutoka Kitandililo

1. Utangulizi

Nikiwa mwaka wa pili tulipewa kazi ya kukusanya masimulizi matano kutoka nyumbani na kuyapanga katika tanzu zake. Nyumbani kwetu ni Kitandililo, Makambako, mkoani Njombe, na msimulizi wangu alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Masimulizi manne hayakunisumbua: matatu yalikuwa ya Sungura na Fisi, na moja la msichana aliyeolewa na zimwi. La tano lilikuwa la Nyumbanitu.

Kwa msomaji asiyeijua Ubena, Nyumbanitu ni msitu wa asili mkoani Njombe ambao Wabena huuheshimu kama mahali pa matambiko. Jina lenyewe maana yake ni nyumba nyeusi. Husimuliwa kwamba mna pango ambamo watu walijificha wakati wa vita, na kwamba wamo kuku weusi wasio na mwenyewe, ambao mtu akitaka kuwakamata hawapati. Nami, kwa haraka ya mwanafunzi anayefukuzana na tarehe ya kukusanya kazi, niliandika juu ya simulizi hilo: "Utanzu: ngano. Kijitanzu: fantasia." Alama nikapata, tena nzuri tu.

Likizo nikarudi nyumbani, nikamsomea bibi kazi yangu. Alisikiliza kwa furaha mpaka nilipofika hapo. Akauliza fantasia ni kitu gani. Nikamwambia ni hadithi ya mambo yasiyokuwepo, ya kubuni. Akaendelea kupukuchua mahindi kwa muda, halafu akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimekutungia lini?" Tangu siku hiyo nikimwomba ngano ananipa, lakini nikimwuliza habari za Nyumbanitu ananijibu kama anavyomjibu mgeni: "Kawaulize wanaojua."

Makala haya yametokana na jibu hilo. Nitajaribu kueleza fantasia imegawanywaje na watu mbalimbali, kwa vigezo gani, na migawanyo hiyo inasaidia au inaharibu nini ikiletwa katika fasihi yetu. Hoja yangu ni kwamba kigezo cha "mambo yasiyokuwepo" ni kibovu. Ajabu haihesabiwi kwa kutazama matini peke yake. Inategemea makubaliano kati ya anayesimulia na anayesikiliza.

2. Majina ya Ulaya na Marekani yalitoka wapi

Wengi wetu tunayapokea majina ya vijitanzu kana kwamba yameshuka pamoja na mvua. Ukweli ni kwamba kila jina lina tarehe yake na haja yake.

Tuanze na J.R.R. Tolkien. Mwaka 1939 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kuhusu hadithi za ajabu, nao ulichapishwa mwaka 1947. Alisema mtunzi mzuri anaumba ulimwengu wa pili, wenye sheria zake, na msomaji akiwa humo anausadiki kwa muda wote ambao sheria hizo hazivunjwi. Huu ni mtazamo wa mtu anayeamini kwamba ulimwengu wa kwanza tumekwisha kukubaliana ulivyo. Nauomba msomaji auweke akilini, kwa sababu ndipo tatizo langu na bibi lilipoanzia.

Mwaka 1961 mwandishi wa Marekani Fritz Leiber alipendekeza jina la "upanga na uchawi" kwa hadithi za mashujaa wanaopambana kwa silaha na wachawi bila kujali sana hatima ya dunia. Hakulipendekeza katika jarida la chuo kikuu. Alikuwa akimjibu mwandishi mwenzake Michael Moorcock, katika vijarida vilivyotolewa na wapenzi wa hadithi hizo wenyewe. Miaka 10 baadaye, 1971, Lloyd Alexander aliandika insha kuhusu "fantasia ya juu", yaani ile ya falme za kubuni na mapambano makubwa ya wema na uovu. Kwa hiyo majina mawili yanayotumika kuliko yote yametungwa na waandishi waliotaka kujua wanaandika nini.

Baadaye soko likaingia. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa mezani: mtu mmoja anasimulia ulimwengu, wenzake kila mmoja anabeba mhusika na kusema anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Kampuni ilianza kuuza ulimwengu mmoja mmoja kama bidhaa. Forgotten Realms ya mwaka 1987 ilikuwa ya falme na safari, Ravenloft ya mwaka 1990 ilikuwa ya kutisha, ya makaburi na wafu, na Dark Sun ya mwaka 1991 ilikuwa ya jangwa ambalo uchawi wenyewe umeliua. Kijitanzu hapo kimekuwa boksi lenye bei. Hata hivyo mchezo huo unanifundisha jambo moja ambalo vitabu havinionyeshi vizuri: mezani hakuna ajabu mpaka wote waliokaa wakubali. Mmoja akicheka wakati usiofaa, ulimwengu wote unaanguka. Mtu aliyewahi kukaa jikoni kwa bibi yake jioni anaelewa mara moja.

Upande wa wanazuoni, aliyetikisa zaidi ni Tzvetan Todorov katika kitabu chake cha Kifaransa cha mwaka 1970. Yeye alitazama msomaji. Jambo la ajabu likitokea katika hadithi, msomaji anasitasita: je, lina maelezo ya kawaida, au ni la nguvu zisizo za kawaida? Maadamu anasitasita, yumo katika fantasia. Akipata maelezo ya kawaida, ametoka na kuingia katika utanzu jirani wa mambo ya kushangaza yanayoelezeka. Akikubali kwamba sheria za dunia ya hadithi ni nyingine, ameingia katika utanzu wa maajabu matupu. Mwaka 2008 Farah Mendlesohn wa Uingereza akauliza swali lingine: ajabu inaingiaje katika hadithi? Akapata njia nne kubwa. Mhusika anapita mlango na kuifuata huko iliko. Au yumo ndani yake tangu mwanzo. Au yenyewe inavamia dunia yetu. Au inakaa kizingitini, haijulikani kama imeingia ama la.

Kwangu mimi hatua hii ya Todorov na Mendlesohn ni kubwa, kwa sababu swali limehama kutoka "kuna nini ndani?" na kuwa "nani anasadiki nini, na kwa njia gani?" Kasoro ni kwamba msomaji wa Todorov ni mmoja tu, yule wa Ulaya ya karne ya 18 na 19, ambaye tayari anashuku. Bibi yangu hayumo.

3. Kwetu: kutoka Swahili Tales mpaka Kusadikika

Fasihi ya Kiswahili haikungoja neno fantasia. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja, Swahili Tales. Humo mna Sultani Darai, ambamo paa anazungumza, anamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake maskini nyumba na utajiri. Bwana anapomdharau paa mpaka akafa, anajikuta amerudi jaani alikotoka. Mna pia kisa cha Hasibu Karimu, aliyeachwa na wenzake ndani ya shimo la asali, akachimba pale alipotokea nge, akafika kwa Sultani wa Nyoka. Msomaji aliyenifuata ataona kwamba Hasibu amepita mlango kabisa, zaidi ya miaka 130 kabla Mendlesohn hajauelezea. Naye Hasibu mwenyewe anatoka katika Alfu Lela u Lela. Kwa hiyo hata tunachokiita "chetu" kilikwisha kusafiri kwa jahazi.

Shaaban Robert aliipokea hazina hiyo akaigeuza. Katika Kusadikika (1951) nchi iko angani, na Karama anasimama barazani kujitetea kwa kueleza safari za wajumbe waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Katika Adili na Nduguze (1952) kuna majini, na kuna nyani wawili wanaopigwa kila usiku, kumbe ni ndugu waliogeuzwa umbo. Wahakiki wengi huviweka vitabu hivi viwili katika kapu moja. Mimi naona vinatofautiana sana. Msomaji wa Kusadikika hatazami juu kuitafuta nchi hiyo. Majina yenyewe yanampigia kengele tangu mwanzo kwamba asome Tanganyika ya mkoloni, au utawala wowote unaoziba watu midomo. Ajabu hapo ni barua iliyofungwa ndani ya bahasha. Katika Adili na Nduguze ajabu inatakiwa ionekane kama ajabu: nyani lazima wawe nyani, la sivyo kiboko hakiumi. Ya kwanza ni istiara na ya pili ni hekaya. Ukizipa zote jina la fantasia tu umesema kitu kidogo sana.

Halafu kuna njia ya Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) inaanza na maiti iliyookotwa mahali panapoogopwa, na msomaji anatayarishwa kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa anakuja na kiko chake, anafumbua, na tunakuta ni kazi ya binadamu. Hiyo ndiyo ajabu inayoelezeka ya Todorov, ikiwa na kanzu.

Tofauti kabisa na hiyo ni Mirathi ya Hatari (1977) ya C.G. Mung'ong'o, jina ambalo kwetu ukiliita sokoni watageuka watu zaidi ya mmoja. Kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake. Hapa hakuna mpelelezi wa kuja kutupoza. Uchawi umo kama ulivyomo katika mazungumzo ya watu wengi: haufurahishi na haupigiwi makofi, lakini haukanushwi. Nikiwauliza wenzangu wa bwenini kama riwaya hii ni fantasia, wa mjini wananijibu ndiyo na wa vijijini wananijibu siyo. Kitabu ni kilekile. Sasa kigezo kiko wapi?

4. Nagona na watoto wake

Mwaka 1990 Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona, na mwaka 1991 Mzingile. Aliyezoea Rosa Mistika (1971) alipotea njia. Mahali hapana jina la ramani, wakati haufuatani, wafu na walio hai wanakutana. Katama Mkangi naye akatoa Walenisi (1995), ambamo Dzombo aliyehukumiwa kufa anarushwa angani na kuishia katika nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, ni "wale ni sisi". Said Ahmed Mohamed akafuata na Babu Alipofufuka (2001), ambapo mzuka wa babu unamwandama mjukuu wake, mkubwa serikalini. Kyallo Wamitila akaandika Bina-Adamu! (2002), safari ya kuzunguka mabara kumtafuta mhusika aitwaye P.P.

Wahakiki walihitaji jina. Mwaka 2003 Said Khamis, ambaye ndiye huyohuyo Said Ahmed Mohamed, aliichambua Nagona kwa kutumia dhana ambayo kwa Kiswahili wengine huiita uhalisiajabu, wengine uhalisia mazingaombwe. Dhana hiyo nayo ina safari yake. Franz Roh wa Ujerumani aliitumia mwaka 1925 kuhusu uchoraji. Mwaka 1949 Alejo Carpentier wa Cuba aliandika dibaji ya riwaya yake inayohusu Haiti, akazungumzia uhalisia wa ajabu wa Marekani ya Kusini na visiwa vyake. Alikumbusha habari za Mackandal, mtumwa mwasi aliyechomwa moto na Wafaransa mwaka 1758. Wafaransa waliona mtu anaungua, watumwa waliona mtu amejigeuza na kutoroka. Carpentier alisisitiza kwamba ajabu ya namna hiyo inahitaji imani kwanza.

Ninaposoma hapo sioni Haiti. Naona Maji Maji.

5. Maji: historia, tamthiliya au fantasia?

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa Agosti 1905, lakini maji yaliendelea kutembea. Septemba mwaka huohuo vita vilifika kwetu Ubena, na misheni ya Yakobi karibu na Njombe ikashambuliwa. Waliokimbilia bunduki siku zile hawakuwa wasomaji wanaosita kati ya maelezo mawili.

Tazama jinsi simulizi hili lilivyogawanywa. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. Maneno ya wazee, pamoja na hongo na maji yake, yaliwekwa katika majalada kama ushahidi wa kihistoria. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Shujaa anavutwa mtoni na roho, anatoka nguo zikiwa kavu, na sisi watazamaji tunaachwa tupime. Todorov angefurahi. Jambo lilelile, basi, mlango huu ni historia, mlango ule ni tamthiliya, na katika semina yetu lingekuwa, kwa kalamu kama yangu, fantasia. Hakuna aliyewauliza wazee wao wanaliitaje.

Kwa bahati wataalamu wetu walikwisha kutupa njia ya kutokea, ila tunaikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha hapohapo. M.M. Mulokozi katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika 21, 1989) anatumia vigezo viwili: umbile na tabia ya kazi, na muktadha na namna ya uwasilishaji wake. Chini ya masimulizi anatenga hadithi, salua, visakale na visasili. Kigezo cha pili ndicho nilichokisahau kabisa.

Nikikitumia sasa, kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Ngano bibi husimulia usiku, baada ya ugali, moto ukiwa bado una uhai. Tukiomba mchana anatuambia tutaota mkia. Anaigiza sauti ya Fisi, anatuimbisha, tunacheka, na akisahau mahali anarukia tu hadithi nyingine bila wasiwasi. Nyumbanitu alinisimulia mchana, akiwa kazini, kwa sauti ya chini. Hakuimba. Alitaja nani alimwambia, na huyo aliambiwa na nani. Aliposahau jina moja alisimama akalitafuta, na alipolikosa alisema hivyo. Mtu anayebuni hana sababu ya kutafuta jina alilolisahau. Ule ulikuwa mwenendo wa shahidi, nami nilimwandika kama mchekeshaji.

6. Pendekezo la mgawanyo

Nathubutu kupendekeza kwamba, badala ya kuuliza jambo lipo au halipo, tuitazame ajabu kwa namna ya makubaliano yanayoibeba. Naona namna tano.

Kwanza ni ajabu ya kusadikiwa: visasili na visakale, Nyumbanitu, maji ya mwaka 1905. Msimulizi anawajibika kwa ukweli wake. Pili ni ajabu ya kucheza: ngano na hekaya, Sultani Darai, Adili, na hata ule mchezo wa dadu. Wote wanajua ni hadithi, na wote wamekubali kuingia. Tatu ni ajabu ya kufumba: Kusadikika na Walenisi, ambapo kilichoandikwa kinasimama badala ya kingine. Nne ni ajabu ya kufumbuliwa: Bwana Msa. Tano ni ajabu ya kutatiza: Nagona, Babu Alipofufuka, ambapo msomaji ananyimwa makubaliano kwa makusudi, abaki hajui asimame wapi, kwa sababu jamii yenyewe imepoteza mahali pa kusimama.

Wapo watakaosema mipaka hii inavuja. Kweli inavuja. Mirathi ya Hatari inavuja kati ya ya kwanza na ya tano kutegemea nani anaisoma. Lakini uvujaji huo unatuambia kitu kuhusu wasomaji wetu, wakati jina moja la fantasia halituambii kitu. Wengine watasema namtaka mhakiki aamini kila asimuliwalo. Hapana jamani. Mimi sijawahi kumfukuza kuku wa Nyumbanitu, na sisemi ningemkosa au ningemkamata. Nasema kwamba imani yangu si utanzu wa hadithi ya mtu mwingine.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya vijitanzu yametolewa na waandishi, wauzaji na wanazuoni, kila mmoja kwa haja yake. Si dhambi kuyaazima. Dhambi ni kuyabandika juu ya masimulizi ya watu kabla ya kuuliza wenyewe wanayasimuliaje. Sisi tunaotumwa vijijini na daftari tuna nafasi ambayo Todorov hakuwa nayo: msimulizi yuko mbele yetu na anaweza kujibu. Basi tuandike pia simulizi lilitolewa saa ngapi, kwa sauti gani, kama lilikuwa na mwanzo wa kifomula, na kama msikilizaji aliruhusiwa kucheka. Mistari minne tu katika daftari.

Kazi yangu ya mwaka wa pili bado imo katika jalada, na maneno "Kijitanzu: fantasia" yamo juu ya ukurasa wa tisa. Nimeomba nibadilishe ukurasa huo, nikajibiwa kwamba kazi iliyokwisha kusahihishwa haibadilishwi. Ndiyo maana nimeandika hapa. Likizo ijayo nitapanda tena basi la Makambako, nitampelekea bibi makala haya na kumsomea kwa Kiswahili na kwa Kibena. Sijui kama atanisimulia. Pengine atasema tena nikawaulize wanaojua, na safari hii nitakuwa na jibu: ndio hao niliokuja kuwauliza.

Mwenye hoja tofauti, na aandike. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi.